Kilo Mbili

Twiga kwetu Pemba hakuna.
Wa kwanza tuliyemwona alikuja akiruka,
kachorwa mkiani mwa ndege ya Shirika,
na watoto wa Wawi wakakimbilia uzioni
kumtafuta mwenye miguu.

Mwaka ule majirani watatu walikuwa wameachana,
kila mmoja kaondoka na chake, na deni,
nasi tukaambiwa: sasa mna ndege zenu.
Mie nikapewa sare ya buluu, kalamu, daftari la mistari,
na mizani.

Ndege ndogo haina simile. Viti kumi na tisa,
na rubani ataka kujua uzito wa kila roho
na wa kila kapu.
Basi watu wazima walipanda mizani mbele za watu
kama karafuu msimu wa mavuno.
Bi harusi wa Mtambile alininong'oneza ndani ya buibui:
"Dada, andika, usiseme."
Niliandika, nikafunika kwa kiganja.
Akaja Makame Ngwali, mwembamba kama ufito,
akavuta kilo tisini na moja.
Nikalitazama koti. Lilinukia karafuu hadi mifuko ya ndani.
"Unguja kuna baridi," akasema.
Nikaandika tisini na moja. Mie si forodha.

Jambo moja liliwasumbua wachache:
mizani ile ilizidisha kilo mbili.
Niliigundua siku ya kwanza, tupu, haina hata nzi,
mshale umesimama kwenye mbili.
Nikaandika barua Dar. Ikajibiwa: fundi yuko njiani.
Nikamweleza rubani, Kapteni Mbwana, akacheka:
"Afadhali izidishe. Inayopunguza ndiyo inayoua."

Kisha ndege zikaanza kupungua, kama meno.
Moja ilikwenda kutazamwa injini, haikurudi.
Moja ilikaa Dar ikingoja tairi,
ikawa inang'olewa vyuma kuwaponya wenzake,
mpaka wenzake nao wakalala.
Ubaoni niliandika kwa chaki: Itachelewa.
Halafu: Kesho.
Halafu chaki ikaisha, sikuletewa nyingine.
Abiria walibeba makapu yao wakashuka Mkoani, kwenye meli,
ambako hakuna anayekuuliza weye ni kilo ngapi.

Daftari nililichukua. Sikuiba: hakuna aliyelitaka.

Juzi kaja Tatu Hamad, wa Vitongoji,
kakaa ukumbini, chai kaiacha ikapoa, kisha:
"Marehemu, safari ile ya hospitali.
Alikuwa kilo ngapi?"
Nikapekua. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa kwanza,
Shaame Khatib Ali, na kikapu kimoja cha shokishoki
cha kumpelekea daktari.
Kitabu chasema hamsini na tisa.
Nikatoa mbili.
"Hamsini na saba," nikamwambia. "Kikapu kando."
Akafumba macho, viganja kavifungua mapajani,
kama mtu aliyepewa kitu akishike.
Hatukusema tena. Chai nikaipasha moto.

Mjukuu wangu hunionyesha kwenye simu ndege mpya za Shirika,
kubwa, viti mia mbili na ushei, twiga ni yule yule.
"Bibi, hizi hazipimi watu."
Sasa zitawajuaje?

Shairi hili nalo halina mizani. Msinisute, mafundi wa vina:
mizani iliuzwa mnadani. Iko Konde, kituo cha karafuu.
Serikali hununulia hiyo, msimu hadi msimu,
na kila gunia lapata kilo mbili za bure.
Hakuna ajuaye ila mie.
Mafao yangu hayajaja, mwaka wa thelathini huu.
Nilipouliza, wakanijibu: yako njiani,
labda yameongozana na fundi.
Basi nimenyamaza.
Wakulima wa Konde wananipokelea.